Rafiki yangu amenieleza siri yake: je, nimpeleke kwa mtoa majini?

Swali: Assalamu alaykum, ustadh. Rafiki niliyesoma naye madrasa hapa Mombasa ameniambia, baada ya kugeuka mara mbili kutazama mlango, kwamba matamanio yake ni kwa wanaume. Anasema hajatenda lolote, na swala haachi. Binamu yangu anadai rafiki huyu ana jini mahaba, yaani jini anayempenda mtu kimapenzi, tumpeleke akasomewe na wazazi wake waambiwe. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kwamba liwati, yaani mwanamume kumwingilia mwanamume, ni haramu katika madhehebu yote manne unalijua, na wale waandishi wachache wa zama hizi wanaokifasiri upya kisa cha Nabii Lut mimi siwafuati. Linalonichosha ni hilo la jini, maana haupiti mwezi sijaulizwa.

Binamu yako amechanganya matamanio na tendo. Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinayanong'ona, maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Kisomo cha sunna ni Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Nas, ambazo rafiki yako anaweza kujisomea mwenyewe kitandani bila kutoa hata shilingi. Hao mnaoelekezwa kwao wana bei: kombe la zafarani, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa na kunywewa, ubani, kisha fimbo, eti jini ataje jina lake. Niliwahi kuletewa kijana mwenye mgongo uliovimba michirizi. Jini hakutaja jina, ila kijana mwenyewe alitaja majina ya wenzake watatu ili aachwe.

Kuhusu wazazi, Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba mtu akisema neno kisha akageuka kutazama, neno hilo ni amana. Rafiki yako aligeuka mara mbili. Siri si yako kuitoa, na urafiki wenu hauna sababu ya kuvunjika; kula naye, swali naye, na akikuomba nasaha mpe faraghani.

Hapa niwageukie na wengine, hasa wanaopekua simu za watu na kurusha majina kwenye makundi ya WhatsApp kwa madai ya kukataza maovu. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, hivyo anayefungua simu ya mwenzake kutafuta ushahidi ameshaasi kabla hajapata chochote. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, kumtuhumu Mwislamu mwenye kujihifadhi kwa liwati bila mashahidi wanne walioona kwa macho ni kadhfu, yaani kosa la kumtuhumu mtu uchafu bila ushahidi, na adhabu yake katika Suratun Nur ni mijeledi 80 na ushahidi wako kutokubaliwa tena. Wale watatu waliotajwa chini ya fimbo, mmoja alihama mtaa kabla ya Ramadhani, na walioeneza jina lake wangali wanaswali safu ya kwanza.