Kutoa ukiwa na kidogo: maswali yenu na majibu yetu

Mjane wa Marko 12 alitoa vyote. Nami nitoe mshahara mzima?

Senti mbili alizotia mjane huyo katika sanduku la hazina ya hekalu zilikuwa lepta, sarafu ndogo kuliko zote. Mbili zilifanya kodrante moja, na kodrante 64 zilifanya dinari, ujira wa kibarua kwa kutwa. Yesu aliona uzito wa kile alichokitoa, lakini hakumwagiza mtu yeyote amwige. Tena mstari wa 40, uliotangulia, unawakemea waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane. Atakayekutajia mjane ili utoe ada ya watoto, mwambie aanze kusoma hapo. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8:12-13, anasema kipawa hupokelewa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, wala si ili wengine wapumzike wewe ulemewe.

Nina deni dukani. Nitoe sadaka kwanza?

Hapana. Hiyo ni hela ya mwenye duka. Kwa sasa toa nguvu zako: mchotee maji mgonjwa, mlelee jirani mtoto aende kibaruani.

Mama anaumwa kijijini, na fungu la kumi sijatoa.

Mtibu mama. Katika Marko 7:11-13 Yesu aliwakaripia waliowanyima wazazi msaada kwa kisingizio cha Korbani, yaani mali iliyowekwa wakfu. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 nayo inaagiza zaka, yaani hilo fungu la kumi, ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ili Mlawi asiye na ardhi, mgeni, yatima na mjane wapate kula na kushiba. Mweleze mzee wa kanisa hali yako mapema, usijifiche.

Jirani amefiwa na mume, ana watoto wanne. Nina elfu tano tu. Nimpe pesa au chakula?

Pesa, mara nyingi, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama kinachombana ni kodi, dawa au nauli. Peleka chakula ikiwa duka liko mbali, au wadai wanamvizia mlangoni.

Ukipeleka chakula, hesabu mlo mzima. Kilo moja ya unga inatosha ugali wa mlo mmoja kwa watu wanne au watano, na nusu kilo ya maharage makavu inatosha kitoweo chake. Wengi husahau mafuta, chumvi na mkaa. Maharage yasiyolowekwa huweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi, na mkaa wa kuyaivisha ukamgharimu kuliko maharage yenyewe. Yaloweke usiku kucha kwako, umpelekee asubuhi ayapike siku hiyohiyo. Unga wenye wadudu usimpe mtu.

Kosa kubwa zaidi ni la wakati. Kwenye matanga kila mtu huja na kilo yake ya sukari. Watu wakishatawanyika, sufuria hukauka. Gawa elfu tano yako mara tano, elfu moja kila wiki, uanze baada ya matanga. Au ongeeni kwenye jumuiya: kaya kumi, kila moja nusu kilo ya unga kwa wiki, ni kilo tano. Mmoja aandike daftari, wawili wapime pamoja. Paulo mwenyewe hakukubali mchango wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu ushikwe na mtu mmoja. Alimtuma Tito na ndugu wengine ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:18-21).

Na msipige picha, hata ya kumbukumbu. Watoto wake wana wenzao shuleni.

Je, nguo kuukuu na dawa zilizobaki?

Nguo zifue, shona vifungo, jaribu zipu. Ambayo usingemvalisha mwanao, fanya tambara la kudekia. Dawa usigawe kabisa: hujui ugonjwa wa mwenzio wala kipimo chake.

Nikituma kwa simu?

Ongeza ya kutolea, la sivyo atakachopata mkononi ni pungufu. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Ukipata ujumbe wa kuomba mchango kwa jina la mchungaji, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyotuma ujumbe.