Acha kupanga kwa kitufe cha nafasi: kwa anayeanza kuchapa tasnifu Wandegeya

Ukipata kiti katika kibanda cha kuchapa hapa Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kazi utakayoiona kuliko zote ni tasnifu. Mteja anaingia anahema, flashi mkononi: "Nyabo (yaani bibi, kwa Kiganda), natakiwa kuikabidhi saa kumi." Usihangaike naye. Nakili faili kwenye kompyuta kwanza, usilifanyie kazi ndani ya flashi, kisha bonyeza Ctrl+Shift+8.

Hapo Word, programu tunayochapia, inakufunulia yaliyofichwa. Kila nafasi inageuka kitone, kila Enter inageuka ¶. Utakuta vitone arobaini vimejipanga ili kichwa cha sura kikae katikati, na ¶ kumi na mbili zinaisukuma Sura ya Pili hadi ukurasa mpya. Kwa macho ilikuwa inapendeza. Lakini msimamizi akiongeza sentensi mbili tu huko mwanzoni, Sura ya Pili inaanguka katikati ya ukurasa, na Yaliyomo aliyoyaandika kwa mkono, nukta moja moja, yote yanakuwa uongo.

Futa vitone vyote, ubonyeze Ctrl+E. Futa zile ¶, ubonyeze Ctrl+Enter. Kisha weka kishale kwenye kichwa cha sura ubonyeze Ctrl+Alt+1 kiwe mtindo wa 'Heading 1', na kwenye vichwa vidogo Ctrl+Alt+2 viwe 'Heading 2'. Vikigeuka rangi ya buluu usivipake rangi kimoja kimoja: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya 'Heading 1' kwenye menyu ya 'Home', chagua 'Modify', weka nyeusi mara moja na vyote vitafuata. Yaliyomo sasa yanatoka menyu ya 'References', na kurasa zikihama unabofya ndani yake na kubonyeza F9. Mimi nilichapa Yaliyomo kwa mkono mwaka mzima kabla ya kulijua hili. Sipendi kuukumbuka.

Namba za kurasa ndizo zinazowatoa watu jasho: i, ii, iii kwa kurasa za mwanzo, halafu 1 kuanzia Sura ya Kwanza. Ctrl+Enter haitoshi hapo, kwa sababu inaanzisha ukurasa tu, haianzishi sehemu. Weka kishale mwanzo wa Sura ya Kwanza, nenda 'Layout', 'Breaks', uchague 'Next Page'. Sasa kila sehemu inakubali mtindo wake wa namba, na ya pili unaiambia ianze na 1. Jalada lisiwe na namba? Weka tiki kwenye 'Different First Page', basi.

Ctrl+H, ya kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake, ni rafiki na ni adui. Kuondoa nafasi mbilimbili, hakuna kinachoishinda. Lakini mteja mmoja aliniomba nibadilishe "watu" iwe "wananchi" kote. Nikabofya 'Replace All', nikaprinti, nikafunga vitabu vitatu. Ndani yake "watumishi" wa afya walikuwa wamekuwa "wananchimishi". Karatasi zile nilizilipia mwenyewe. Fungua 'More', weka tiki kwenye 'Find whole words only', na hata hivyo pitia moja moja kama kazi si ndefu.

Ukichapa Kiswahili, ukurasa utajaa mistari myekundu, maana programu inadhani unakosea Kiingereza. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda 'Review', 'Language', utafute Kiswahili kwenye orodha ya lugha. Kipimo chake cha tahajia si kikali sana, lakini angalau mistari itanyamaza. Na neno likibadilishwa chini ya vidole vyako, Ctrl+Z papo hapo inalirudisha.

Kuhusu kusevu sitasema mengi. Word hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Ingia 'Options', 'Save', ushushe ziwe 2. Bado vidole vizoee Ctrl+S kila mwisho wa aya, hasa kompyuta isiyo na betri, maana umeme ukikatika hauagi.

Kabla ya kuprinti angalia karatasi ni A4, si 'Letter', kisha mtolee mteja PDF pamoja na faili la Word. Akipeleka la Word peke yake kwenye kibanda kisicho na fonti ile ile, mistari itahama, na lawama atakuletea wewe.