Handaki la reli kuwa barabara? Anzeni na hewa

Mmeuliza wiki hii: handaki la zamani la reli lililotoboa milima, ligeuzwe barabara ya magari au lizibwe? Ligeuzwe. Ila fundi anayeanza kwa kupima upana ameanza pabaya. Aanze na hewa.

Treni hupita ikaenda zake, handaki likabaki tupu. Magari hufuatana, kila moja na moshi wake, na moja likizimika katikati, yote ya nyuma hukwama humo yakiunguruma. Likiwaka ndiyo balaa. Machi 1999 lori lilishika moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, wakafa watu 39. Na lile lilijengwa kwa ajili ya magari tangu mwanzo!

Ninaowasifu ni watu wa Whittier, mji mdogo wa Alaska, Marekani. Handaki lao la kilomita 4 hivi lilichimbwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya treni tu, na kwa miaka mingi gari la kwenda Whittier lilipakiwa juu ya behewa. Mwaka 2000 magari yakaruhusiwa, na reli haikung'olewa: iko palepale, imelazwa ndani ya zege, magari yanapita juu yake. Njia ni moja, basi watu hupita kwa zamu: wa huku, wa kule, kisha treni. Hakuna kupishana ndani. Feni kubwa husafisha hewa, na pembeni kuna vyumba vya kukimbilia hatari ikitokea. Hawakuhangaika kupanua handaki, walipanga zamu. Nawaunga mkono kabisa, maana kuchokonoa kuta za zamani zilizobeba mlima ni kazi ya kutisha.

Najua mtasema foleni. Ni kweli, na palipo na msongamano zamu haitafaa. Barabara kuu ya Pennsylvania, hukohuko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1940 ilitumia mahandaki ya reli iliyoachwa bila kumalizwa mwaka 1885. Barabara ilikuwa na njia mbili kila upande, lakini ndani ya handaki ikabaki moja kila upande. Magari yalipozidi, miaka ya 1960, mahandaki matatu yakaachwa na mengine yakachimbiwa pacha wake.

Kwa mji mdogo uliofungiwa nyuma ya mlima, hata hivyo, kusubiri zamu mlangoni ni nafuu kubwa kuliko kuuzunguka mlima mzima.