Binti kapata ofa ya tenisi chuo kidogo Marekani: nani analipa?

Mkuu, umeuliza kama ofa hiyo ya chuo cha wanafunzi 1,500 ina maana chuo kitambeba binti kwa kila kitu. Tazama kwanza chuo kinacheza wapi. Kikiwa Divisheni ya 3 ya NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani, hakiruhusiwi kutoa hata dola moja kwa sababu ya michezo. Atapata punguzo la ufaulu darasani au la hali ya familia, na misaada ya serikali yao haimhusu mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo. NAIA, chama kingine cha michezo cha vyuo vidogo, dari ni ufadhili kamili 5 kwa timu. Divisheni ya 2 ya NCAA, wanawake, ni 6. Vyuo vingi havifiki huko, na kocha huukata ufadhili vipande: huyu nusu, yule robo.

Hela ya timu yenyewe inatoka kwenye ada. Tenisi ya chuo kidogo haina tiketi wala televisheni. Chukua mfano: ada na malazi dola 45,000, punguzo 20,000. Kila mchezaji anaingiza 25,000. Wachezaji kumi, 250,000. Humo ndimo mnatoka mshahara wa kocha na mafuta ya gari. Ndiyo maana kocha hupangiwa idadi ya wachezaji wa kuleta kila mwaka, na ndiyo maana anakupigia simu sana. Hakuna ubaya, ila ulijue hilo unapojadiliana naye.

Watu ni wachache mno. Mara nyingi kocha mkuu ni mmoja kwa wanaume na wanawake, tena ana kazi nyingine hapohapo chuoni au anafundisha klabu ya mjini. Msaidizi, akiwepo, ni mwanafunzi wa uzamili anayelipwa kwa kusamehewa ada na kupewa posho. Mtaalamu wa majeraha ni wa michezo yote, na msimu wa tenisi, Februari hadi Mei, unagongana na besiboli na riadha. Kocha huyohuyo ndiye dereva wa vani, ndiye anayefunga nyuzi za raketi: roli ya mita 200 inatoa raketi 16 hivi.

Mipira nayo inakula bajeti kuliko watu wanavyodhani. Mechi ina michezo 3 ya wawili wawili na 6 ya mmoja mmoja. Ukifungua kopo jipya kila mchezo, ni makopo 9; timu ya wanaume na ya wanawake zikicheza nyumbani siku moja, 18. Kasha lina makopo 24. Mikoa ya baridi ongeza kukodi viwanja vya ndani kwa saa, na jioni wanachama wa klabu wamevichukua, hivyo timu hucheza alfajiri au usiku wa manane.

Panapovunjika ni kwenye idadi. Wakibaki watano, mnapoteza mchezo mmoja wa wawili na mmoja wa mmoja mmoja kabla hata hamjapasha misuli. Kocha wa mkataba mfupi naye akiondoka, ahadi zake za mdomo zinaondoka naye.

Kwa hiyo muulize kwa barua pepe: timu ina wachezaji wangapi leo? Mkataba wako ni wa muda gani? Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne, na akiumia, je? Timu ikifutwa, punguzo linabaki? Kinachohesabika ni barua ya ofisi ya misaada ya fedha, yenye tarakimu. Ipate mapema, kwa sababu chuo hakitatoa I-20, fomu ya kuombea viza ya masomo, kabla hujaonyesha fedha za kuziba pengo la mwaka wa kwanza.