Kupanda na kushuka mlima siku moja: panga saa ya kugeuka

Ndugu uliyeuliza kuhusu kupanda mlima kwa siku moja: kilomita 14 kwenda na kurudi, mwinuko wa mita 900, nawe unataka kuanza saa nne asubuhi? Umechelewa kabla hujaanza. Wapanda milima wana kanuni ya Naismith: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Safari yako inafika zaidi ya saa 4, bila kupumzika. Kwa mara ya kwanza, hesabu muda wa saa 6 au 7.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Utakwepa msongamano, na radi za alasiri pia. Kisha jiwekee saa ya kugeuka, tuseme saa sita mchana: ikifika, rudi, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Mimi niling'ang'ania, nikashuka gizani kwa tochi ya simu. Goti linanikumbusha hadi leo.

Beba maji lita 3, koti la mvua, tochi. Mwambie mtu utarudi saa ngapi.

Ukipita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kichwa kikauma na kichefuchefu kikaja, shuka. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.