Vikorokoro vya Canon 4000D kwa pesa kidogo: anza na nini ukiwa Pwani

Aliyeuliza yuko Malindi, ana kamera ya Canon 4000D na lenzi yake ya milimita 18-55, mfuko haujatuna, na ameonyeshwa mkoba wa "vitu 50 kwa bei moja". Anataka kujua auchukue au anunue kimoja kimoja.

Ndugu yangu, uache. Isome orodha yake vizuri: vitambaa, vifuniko, mikanda, tripodi ya kuweka mezani, na vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi ambavyo huifanya pembe ya picha ionekane kama imepakwa mafuta. Cha maana mle ni memori kadi, nayo kwa kawaida ndiyo mbovu kuliko vyote.

Kadi basi. Faili moja ya RAW (picha ghafi, kabla haijachakatwa) ya 4000D inakula takriban megabaiti 24, kwa hiyo gigabaiti 32 zinabeba kama picha 1,200. Kamera hii inapiga picha tatu kwa sekunde na video yake ni Full HD, hivyo kadi yenye alama ya U1 (angalau megabaiti 10 kwa sekunde) inatosha. V60 na V90, zile kadi za kasi kubwa zaidi, ni kupoteza pesa kwako. Nunua mbili za 32 badala ya moja ya 128. Moja ikifa hujapoteza harusi nzima.

Kadi bandia haijifichui kwa kuitazama. Imechezewa ndani ili idai gigabaiti 128 wakati ina 8, na simu au kompyuta itaamini. Utapiga vizuri mpaka zile za kweli zijae, halafu faili zinaanza kuharibika bila onyo lolote. Dawa ni programu ya bure, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Inaijaza kadi yote kisha inasoma kila ilichoandika. Kadi ya 32 yaweza kuchukua saa moja au zaidi, basi iache ifanye kazi huko saiba huku ukinywa chai. Fanya hivyo kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita, na kabla hujapiga hata picha moja.

Betri ya 4000D ni LP-E10. Ile halisi ni volti 7.4 na mAh 860 (kiasi cha chaji inachobeba). Ukikuta ya kampuni nyingine, umbo lilelile, imeandikwa 1800, hiyo namba ni ya kuuzia tu. Si kwamba haifai, nyingi zinafanya kazi vizuri, ila zihesabu kama sawa na ya asili au pungufu kidogo. Ikianza kutuna usiilazimishe kuingia, itakwama ndani ya kamera.

Sasa jambo ambalo watu wa bara hawalisemi: chumvi na unyevu. Hapa ndipo ningeweka pesa kabla ya kufikiria filta (kioo cha kufunga mbele ya lenzi) yoyote. Tafuta kontena la plastiki la vyakula lenye mpira kwenye mfuniko na ndoano pande zote nne, tia gramu 100 hivi za silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya rangi ya chungwa, na kipimo kidogo cha unyevu cha kidijitali. Weka kamera humo kila usiku. Unalenga asilimia 40 hadi 50. Ikikaa juu ya 60 kwa wiki nyingi, ukungu unaanza kuota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na kuusafisha kunaweza kugharimu kuliko lenzi yenyewe. Chembe za silika zikigeuka kijani zimeshiba maji: zikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga mpaka rangi irudi. Mchele hauwezi kazi hii, na unaacha unga.

Ongeza pampu ya mpira ya kupulizia vumbi. Kusi likivuma, matone ya bahari yakikaukia kwenye kioo huwa chembe za chumvi, na ukifuta kwa ncha ya kikoi unakwaruza. Pulizia kwanza, futa kwa kitambaa laini kilichoguswa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Kofia ya plastiki ya kuogea, iliyotobolewa tundu la lenzi, ni kinga nzuri ukiwa kwenye mashua.

Filta moja tu: polaraiza ya duara, CPL, ya kukoza anga na kupunguza mng'ao, milimita 58 (namba iko mbele ya lenzi, karibu na alama ya Ø). Ijaribu dukani kwa kalkuleta ya muuzaji. Upande wa nje ukiuelekeza kwenye skrini na kuzungusha, skrini lazima iwe nyeusi. Ukigeuza upande wa kamera, ibadilike rangi kidogo tu. Isipofanya hivyo, mrudishie. Kumbuka lenzi hiyo ikiwa ni ile ya 18-55 III, mbele yake huzunguka wakati wa kufokasi, kwa hiyo fokasi kwanza, zungusha filta baadaye. Asubuhi pale forodhani Lamu, jua likitoka upande wa Manda, elekea kaskazini au kusini uone anga inavyokolea. Ukipiga kwa milimita 18 anga itatoka na doa jeusi upande mmoja. Vuta hadi 35.

Tripodi nyepesi ya plastiki sikushauri, upepo wa ufuoni unaitingisha. Shona mfuko wa kitambaa sentimita 20 kwa 25, utie kilo moja ya choroko, uweke juu ya baraza au ukingo wa jahazi, kisha ulaze kamera juu yake.

Flashi iache mwisho, na kabla ya kulipa angalia kiti cha flashi juu ya kamera. 4000D haina ile ncha ya chuma ya katikati, kwa hiyo flashi za bei rahisi za "manual" (za kurekebisha kwa mkono) hazitawaka kabisa, hata ziwe mpya. Lazima iandikwe E-TTL ya Canon (mfumo wa kamera kuiongoza flashi yenyewe), nawe uende dukani na kamera yako, uifunge na kuipiga mbele ya muuzaji.