Barua kwa Rukia: mtalisimamisha wapi gari?

Mwanangu Rukia,

Waalaykum salaam. Sauti uliyotuma juzi nimeisikiliza na mamako, halafu nikaisikiliza tena peke yangu, maana mamako alikuwa akiijibu huku bado unasema. Kama nimeelewa, mkitoka Hamburg na gari-nyumba kwenda Istanbul hamjui mpite Serbia na Bulgaria, au mshuke Kroatia mpaka Ugiriki. Unauliza pia kama wiki sita zatosha, na kama mimi na mamako tutakuja kwa ndege tuwakute huko. Tangu siku hiyo ile ramani aliyoiacha kakako imetandazwa mezani, sisi tunakula jamvini.

Wiki sita zatosha. Ni kilomita kama 2,500, kwenda na kurudi 5,000; kwa siku hazifiki hata 120. Hapo hakuna la kuuliza. Ambalo hukuuliza, na ndilo nitakalolijibu, ni mtalisimamisha wapi hilo gari. Msemo wangu mnaujua na najua mnaucheka: mji hauonwi kwa kupita.

Istanbul mimi nimepita. Kisa hiki mnakijua nusu, kwa sababu kila nikikianza pana mtu huniuliza kama nataka chai. Ilikuwa 1981, tumepakia mbolea Constanța, Romania, twarudi nyumbani kwa njia ya Suez. Wakati wa kwenda tulivuka usiku, nikaona taa tu. Kurudi tukaingia Bosporasi alfajiri. Mlango ule wa bahari una urefu wa kilomita kama 30, na pale pembamba upana wake ni mita 700 hivi. Meli yapita mjini, kwenye vibaraza vya watu. Nilimwona mzee amevaa kanzu ya kulalia, amesimama dirishani na gilasi yake ya chai, akatutazama kama anayetazama matatu ikipita. Daraja lilikuwa moja tu wakati ule, lile la 1973. Tukapita chini yake, wote tumeinua vichwa.

Sasa, ukitoka Bahari Nyeusi, mji wenyewe wa kale uko mkono wa kulia. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia, akanipeleka kushoto, kukwangua kutu. Kutu! Ile kutu ilitoka Mombasa na ikarudi Mombasa. Nimekwangua huku kisogo kimeelekea mji niliousikia tangu chuoni kwa maalim, mpaka Ami Faki akanipigia mbinja. Nikatupa kikwangulio, nikavuka sitaha.

Topkapı, kasri ya Masultani, ile pale juu ya miti, nyuma yake kuba, na nyuma yake tena kuba. Faki akasema kuba la mbele ndilo la msikiti wa Sultan Ahmed. Nikamwambia hesabu minara: Aya Sofia ina minne, Sultan Ahmed una sita, picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya dukani kwa babu yenu. Tukaanza kuhesabu, kidole kwa kidole. Tulipofika mnara wa tatu serahangi naye akafika. Matusi aliyotutukana sitayaandika. Niliporuhusiwa kuinua macho tena tulikuwa bahari ya Marmara, mji umekuwa ukungu.

Faki hadi leo hakubali. Nimemwonyesha kwenye televisheni, akasema hao walipiga picha kutoka upande mwingine. Basi na ijulikane katika ukoo huu: la mbele ni Aya Sofia. Nilikuwa sawa, na nilikuwa sawa huku nimeshika kikwangulio.

Baadaye nikaja kujua kwamba kuna mkataba, wa Montreux, wa 1936, unaoziacha meli za biashara zipite pale bila kuzuiwa. Wenye meli waushukuru. Mimi nilitamani mtu atuzuie siku mbili.

Lakini ngoja, maana jana usiku nilikuwa nikibishana na nafsi yangu juu ya hili. Rotterdam tulifunga gati mara nyingi, tukakaa, tukashuka, tukatembea. Nikumbuke nini? Mvua na kreni. Istanbul niliiona kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na hata leo naweza kukuchorea ilivyokaa. Kwa hiyo pengine mji waonwa kwa kupita? Hapana. Nilichokuwa nacho Istanbul ni hamu, na hamu si kuona. Mji hauonwi kwa kupita, nimerudi pale pale.

Haya, njia. Piteni Serbia. Ugiriki ni kuzuri, sikatai, na Kroatia kuna bahari, lakini bahari si mmeizaliwa nayo? Njia ya Serbia yafuata mto Danube: Passau, Vienna, Budapest, Belgrade. Mto huo huo ndio uendao kumwagika Bahari Nyeusi, kaskazini ya bandari niliyokwambia. Vienna mumeo atawaonyesha, mimi sina la kusema. Budapest kaeni, kuna hamamu za zama za Waturuki ambazo watu bado waoga ndani yake. Belgrade pandeni ngomeni Kalemegdan jioni, muone Sava inavyoingia Danube. Kutoka hapo mwauacha mto, mwashuka bonde la Morava hadi Niš. Watu hupita Niš kutia mafuta tu, na ndiko alikozaliwa Konstantino, yule aliyeufanya mji huo mnaoukimbilia kuwa makao ya dola ya Roma mwaka 330. Laleni hapo usiku mmoja angalau kwa adabu. Kisha Sofia na Plovdiv za Bulgaria, na mpaka.

Mpaka wa Kapıkule, wa kuingilia Uturuki, msiufikie shule za Ujerumani zinapofungwa. Waturuki wa huko wote hurudi kwao kwa magari wakati huo, foleni yake hutaki kuijua. Ada za barabara mtazikuta: Austria, Hungaria na Bulgaria mnanunua kibali mtandaoni, Serbia mnalipa vibandani, Uturuki kuna stika ya HGS, inauzwa posta. Bima ndiyo muiangalie kwa jicho kali. Ile kadi ya kijani, cheti cha bima cha kuvukia mipaka, lazima herufi TR za Uturuki ziwe hazikukatwa, na muulize kama inafunika upande wa Asia, maana wengine bima yao yaishia Bosporasi. Visa zenu za Serbia na Uturuki ulizeni ubalozini, msiulize marafiki.

Mkivuka mpaka, msiendelee. Hapo ndipo ninapowajua, mtaona kibao kimeandikwa Istanbul, mtakanyaga mafuta. Edirne ni pale pale, ndio uliokuwa makao ya Masultani kabla hawajaitwaa Istanbul mwaka 1453. Ingieni Selimiye. Sinan, yule fundi mkuu wa Masultani, aliumaliza 1575 akiwa mzee mno, na yeye mwenyewe aliutaja kuwa ndio kazi yake bora, mbele ya yote aliyoyajenga Istanbul. Mzee kujua kazi yake bora ni ipi, na kusema! Kaeni chini ya kuba lile mpaka wajukuu wachoke, na wakichoka kaeni kidogo tena.

Istanbul yenyewe msiingie na gari. Vichochoro vya mji wa kale havijui urefu wa mita saba. Tafuteni uwanja salama wa kuliacha huku magharibi, upande wa Halkalı, halafu mpande treni ya Marmaray, ile ipitayo chini ya bahari, mshuke Sirkeci. Hapo Aya Sofia mwaenda kwa miguu. Ukiwa na mzigo mgongoni tu ndipo utakapoona, na gari mnaliacha huko lipumzike, msilihangaikie.

Uzito nao. Leseni yako ya Ujerumani ni ya tani 3.5, na Austria ukizidisha hapo hata ulipaji wa barabara hubadilika. Maji lita 100 ni kilo 100, baiskeli, watoto, unga alioutuma mamako. Meli huchorwa mstari ubavuni kuonyesha mwisho wa shehena. Gari halina mstari, kwa hiyo lipelekeni mizani likiwa limeshapakiwa kila kitu, nanyi mmo ndani.

Kuhusu mumeo kutaka kulinunua badala ya kukodi, hilo sisemi. Fedha ni zenu, ninyi ni watu wazima, na mkwe wangu ni mtu wa hesabu. Lakini gari la miaka kumi na minane, Rukia! Mnakwenda kuliangalia, pitisha kidole gumba pembezoni mwa madirisha na kwenye pembe za dari. Pakibonyea, maji yameshaingia ukutani na mbao zimeoza. Nusa kabati za chini. Uliza mpira wa gesi umebadilishwa lini. Na baada ya safari litakaa wapi mwaka mzima, uani kwa nani? Lakini sijasema kitu. Mkilinunua nitafurahi. Mkikodi nitafurahi zaidi, basi, na hapo ninyamaze.

Kuja kwetu mimi niko tayari, hata kesho. Ningewakuta Istanbul, na siku ya kwanza tungepanda feri ya Üsküdar, upande wa Asia, twende na turudi, nimpigie Faki simu ya video tukiwa katikati ya maji, nimhesabie minara mmoja mmoja. Mamako ndiye mwenye maswali. Amesikia kwamba choo cha gari hilo kiko hatua mbili kutoka jikoni. Nimemweleza kuwa kina kasha lake, linachomolewa kwa nje na kumwagwa kituoni. Akauliza ni nani anayekwenda kulimwaga. Nijibu hilo kwanza, kabla ya mambo ya tikiti.

Babako